Wanafunzi wa uuguzi waliosomea kwenye simu: ni nini kinachopungua wanapofika kando ya kitanda?

Msimamizi wa staji, Ibanda (Bukavu)

Jambo kwenu nyote, walimu, wauguzi na wanafunzi. Ninasimamia wanafunzi wa staji, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, katika wodi ya magonjwa ya ndani hapa Bukavu, wengi wao wa ngazi ya A1 (masomo ya uuguzi ya baada ya sekondari), na ningependa kuwauliza jambo ambalo tumekuwa tukilijadili katika chumba chetu cha wauguzi bila kuafikiana.

Tangu mapema mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa, walimu wageni waliokuwa wakija kutoka Kinshasa au Kisangani kumaliza somo zima kwa wiki moja au mbili hawafiki tena kwa urahisi. Katika shule wanakotoka wanafunzi ninaowapokea, sehemu kubwa ya nadharia imehamia kwenye simu: jumbe za sauti za WhatsApp, faili za PDF, na mara chache kikao cha Google Meet ambacho wengi hukikosa kwa sababu umeme umekatika au mega (data za intaneti) zimekwisha. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya Korona, tulionja kitu cha namna hiyo, ila wakati ule masomo mengi yalisimama tu. Safari hii masomo yanaendelea, mitihani inafanyika, na wanafunzi wanafika hospitalini wakiwa na alama nzuri.

Ujuzi wao sina shaka nao. Mwanafunzi ananitajia bila kusita mahitaji 14 ya msingi ya mgonjwa yaliyoorodheshwa na muuguzi Virginia Henderson, na mpango wa utunzaji anaouandika ni bora kuliko tuliokuwa tukiandika sisi. Lakini akiingia chumbani, huenda moja kwa moja kwenye mkono wa mgonjwa na kumfunga kipimo cha shinikizo la damu kabla hajamsalimu wala kujitambulisha, na mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mama mzima aliyeteremka kutoka Kabare au Walungu, hugeukia ukutani. Anauliza maswali kwa kufuata fomu, hata pale ambapo jibu la swali la tano limekwisha kutolewa katika swali la kwanza. Ndugu wa mgonjwa akimuuliza kama mtu wao atapona, ananitazama mimi. Na wakati wa makabidhiano ya zamu, badala ya kumweleza mwenzake aliyesimama mbele yake, anamtumia ujumbe.

Je, haya yametokana na kusomea mbali, au tunasingizia simu jambo lenye mizizi mingine? Na wale ambao wamekwisha kupokea wanafunzi wa aina hii, ni kitu gani kilichowasaidia? Naomba tusiishie kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Maneno hayo niliambiwa na mimi nilipokuwa mwanafunzi, na hayakunifundisha chochote.

Mwalimu wa sayansi za uuguzi, Kamalondo (Lubumbashi)

Mama Msimamizi, nakushukuru kwa kueleza kile unachokiona badala ya kutoa hukumu, maana hapo ndipo mjadala unapoweza kuanza. Mimi nafundisha, na nimefundisha kwa njia zote mbili, kwa hiyo nitajaribu kutenganisha vitu ambavyo kwa kawaida tunavichanganya.

Nadharia ya mawasiliano inafundishika kwa mbali bila hasara kubwa. Hildegard Peplau, tangu mwaka 1952, aliwaeleza wauguzi kwamba uhusiano wao na mgonjwa huanza kati ya watu wawili wasiojuana, kisha hupita katika hatua zake hadi kufikia kuachana. Mwanafunzi anaweza kuzielewa hatua hizo akiwa amekaa kitandani kwake huko Katuba na simu mkononi. Hata kufikiri juu ya mgonjwa, yaani kupanga dalili, kutafuta tatizo na kuchagua la kufanya kwanza, kunaweza kufanyika kwa maandishi, na wakati mwingine kwa uangalifu zaidi kuliko darasani, kwa sababu mwanafunzi ana muda wa kutafakari kabla ya kujibu.

Kisichovuka mtandao ni kile ambacho hakuna mwalimu anayekiandika kwenye silabusi kwa kuwa hajui hata kama anakifundisha. Ukiwa ukumbini, mwanafunzi anakuona unanyamaza baada ya kuuliza swali, anakuona unamsogelea yule anayesinzia, anamwona mwenzake akijibu kwa majivuno na darasa zima likiguna. Kwenye jumbe za sauti, nazungumza na orodha ya majina. Kamera zimezimwa ili kuokoa mega, na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo, lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anazoea kusikiliza bila kutazamwa na kuzungumza bila kutazama. Ujumbe wa sauti unaweza kuusikiliza, ukaufuta na kuurekodi upya kabla hujautuma. Jibu analopewa mama aliyefiwa halina nafasi hiyo, na nadhani ndiyo sababu wanafunzi wako wanakutazama wewe: hawajawahi kulazimika kujibu papo hapo huku wakiangaliwa usoni.

Kuna hoja moja ambayo husikika sana kutoka kwa wakuu wa shule, nayo inahitaji kujibiwa. Husemwa kwamba hata nchi tajiri zimepunguza saa za hospitalini. Ni kweli kwa kiasi. Nchini Marekani, uchunguzi mkubwa wa baraza la taifa la bodi za uuguzi, uliochapishwa mwaka 2014 na kufanyika katika shule 10, ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za mazoezi ya hospitalini zinaweza kubadilishwa kwa mazoezi ya kuigiza bila wahitimu kuonekana dhaifu. Uingereza nayo, ambako mwanafunzi wa uuguzi hutakiwa kumaliza saa 4,600, nusu yake zikiwa za vitendo, iliruhusu baada ya Korona saa 300 za vitendo zifanywe kwa kuigiza, na mwaka 2023 ikaziongeza hadi 600. Lakini mazoezi hayo yanayozungumzwa ni chumba kilichopangwa kama wodi, mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo, na kikao kirefu baada ya zoezi ambapo mwanafunzi anaulizwa aliona nini na kwa nini alitenda vile. Hakuna mahali popote katika matokeo hayo paliposemwa kwamba PDF inaweza kuchukua nafasi ya mgonjwa. Anayetumia utafiti ule kutetea kufutwa kwa staji hajausoma, au ameusoma akiwa anaangalia bajeti.

Kuhusu kilichosaidia, hapa kwetu hatuna sanamu za mazoezi za bei kubwa, na kwa jambo hili hatuzihitaji. Tangu mwaka 1963, daktari Howard Barrows wa California alikuwa tayari amewatumia watu wazima wenye afya, waliofundishwa kuigiza ugonjwa, ili wanafunzi wafanye mazoezi ya kumhoji na kumpima mtu. Mama mmoja wa mtaani mwenye ulimi mwepesi, akipewa hadithi yake mapema na kuambiwa asiseme shida yake ya kweli mpaka aulizwe kwa upole, atamfundisha mwanafunzi zaidi ya mihadhara yangu yote. Sisi tulimwomba mmoja aje, tukamlipia usafiri. Aligoma kabisa kumjibu kijana wa kwanza kwa sababu hakumsalimu, na wala hatukuwa tumemwagiza afanye hivyo.

Muuguzi wa zamu, Ndosho (Goma)

Nimesoma kwa makini maneno ya Mwalimu, na kwa heshima zote nina mashaka na sehemu moja. Anazungumza kana kwamba umbali ndio ugonjwa wenyewe. Sisi huku Kivu ya Kaskazini tuliwahi kulazimishwa kuwa mbali na wagonjwa kuliko simu yoyote inavyoweza kumweka mtu mbali.

Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na hasa baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa hapa Goma mwezi Julai 2019, tuliacha kupeana mikono, jambo ambalo katika mji huu ni sawa na kuacha kusalimiana kabisa. Waliofanya kazi katika vituo vya matibabu walikuwa wamefunikwa tangu kichwani hadi miguuni, macho tu yakionekana nyuma ya miwani yenye ukungu, na mgonjwa hakuweza kujua kama anayemhudumia ni mwanamume au mwanamke. Wauguzi wakaandika majina yao kifuani juu ya vazi. Kule Beni, mwaka 2018, vilitumiwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu ili familia imwone mtu wao na izungumze naye bila kuambukizwa. Tulijifunza kusalimia kwa sauti, kuinamisha kichwa, kueleza kila tendo kabla ya kulitenda kwa kuwa mgonjwa hakuweza kutusoma usoni. Ugonjwa huo ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baadhi yetu tulikuwa tunazungumza na wagonjwa vizuri kuliko kabla yake.

Tulijifunza kwa sababu kila mgeni aliingia akiwa na mkubwa wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia peke yake, kwa ajili ya usalama, na kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwiga. Huyo ndiye anayekosekana leo, na tuwe wakweli, alikuwa amekwisha kukosekana kabla ya simu kuingia. Nani kati yetu hajaona wanafunzi kumi na zaidi wamekizunguka kitanda kimoja, wa mbele akiandika, wa nyuma akimuuliza wa mbele ameandika nini? Nani hajaona mwanafunzi wa staji akimaliza wiki zake akinakili madaftari ya wodi na kutumwa maabara? Mwanafunzi huyo alikuja shuleni kila siku, alikaa ukumbini pamoja na mamia ya wenzake, na bado alifika kwa mgonjwa akiwa bubu. Tofauti ni kwamba wakati ule hatukuwa na simu ya kuilaumu.

Nitaongeza jambo ambalo si rahisi kulisema. Mwishoni mwa Januari 2025 hospitali za mji huu zilijaa majeruhi hadi kwenye korido, na wanafunzi waliokuwa karibu waliombwa kusaidia: kubeba maji, kuandika majina, kutafuta ndugu wa fulani. Wale niliowaona wakifanya kazi hiyo hawakuwa na muda wa kukumbuka hatua za mazungumzo, lakini walizungumza, kwa sababu kulikuwa na mtu mbele yao aliyehitaji kuambiwa kitu. Siyo shule ninayomtakia mtu yeyote. Nataja tu ili tusidhani kwamba vijana hawa wamepoteza uwezo fulani. Hawajapewa mahali pa kuutumia.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Bagira (Bukavu)

Jambo Mama Msimamizi, jambo Mwalimu, jambo Yaya (mkubwa wetu) wa Ndosho. Mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, na naomba ruhusa ya kueleza jinsi mambo yanavyoonekana upande wetu.

Somo letu la mawasiliano na mgonjwa lilifika kama faili ya kurasa nyingi kwa Kifaransa pamoja na jumbe chache za sauti, na mtihani wake ulikuwa wa kuorodhesha kanuni za kusikiliza. Nilipata alama nzuri sana. Nyumbani kwetu tunaishi wengi, na hakuna kona ambayo mtu anaweza kukaa akifanya mazoezi ya kumwambia mgonjwa wa kufikirika habari mbaya bila wadogo zake kuangua kicheko. Wakati tulipokuwa tukienda shuleni, wanafunzi walikuwa na desturi ya kubaki koridoni baada ya somo, wakijadiliana jinsi ya kumweleza mtu kwa Kiswahili au kwa Mashi, lugha ya Washi wa huku kwetu, yale ambayo mwalimu ameyaeleza kwa Kifaransa. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, na hakuna aliyegundua kwamba imekoma. Nilipofika kwa mgonjwa wangu wa kwanza wa kisukari, nilikuwa na maelezo kamili kichwani katika lugha ambayo yeye haisemi, na ndiyo maana nilishika kipimo kwanza. Kipimo hakihitaji maneno.

Pamoja na hayo, ningependa Mwalimu akubali kwamba simu imetupa kitu. Katika darasa letu kuna wasichana ambao ukumbini hawakuwahi kuinua mkono hata mara moja, lakini kwenye kundi la WhatsApp ndio wanaouliza maswali yenye uzito. Tumezoea pia kuandika kwa ufupi na kwa mpangilio, kwa sababu ujumbe mrefu hakuna anayeusoma. Kuhusu makabidhiano ya zamu, ninaandika kwa sababu maandishi yanabaki: ikiwa usiku mwenzangu atasema hakuambiwa kwamba dripu ibadilishwe, ujumbe upo.

Na jambo la mwisho, ambalo naomba lisichukuliwe kuwa ni utovu wa heshima. Tunamtazama msimamizi kabla ya kumjibu ndugu wa mgonjwa kwa sababu tumeona wenzetu wakigombezwa mbele ya mgonjwa kwa neno moja walilolikosea. Ukishaona hivyo mara moja, kunyamaza kunakuwa ndiyo njia salama kuliko zote.

Mlinzi wa mgonjwa, Kadutu

Mimi si mtu wa kazi hii. Nimemlinda mke wangu hospitalini kwa muda mrefu, nikilala chini ya kitanda chake, nikiwaona wanafunzi wakiingia na kutoka.

Ningependa kuwaambia jambo dogo tu kuhusu simu yenyewe. Mwanafunzi akisimama mbele ya mgonjwa akatoa simu na kuanza kuisoma, sisi tunaona anazungumza na rafiki zake. Siku moja nilimuuliza mmoja, naye akanionyesha kwamba alikuwa anahakikisha kipimo cha dawa, na tangu hapo nilimpenda kuliko wengine wote. Lakini ilibidi niulize mimi. Wafundisheni waseme: "Mama, naangalia dawa yako humu ndani." Inatosha. Na anayemsalimu mgonjwa amsalimu na mlinzi wake pia, maana sisi ndio tutakaoeleza nyumbani jinsi dawa zinavyotumiwa.

Msimamizi wa staji, Ibanda (Bukavu)

Nawashukuru wote, na hasa mwanangu wa Bagira, ambaye ameniambia kitu ambacho wanafunzi wangu wasingethubutu kuniambia ana kwa ana. Kuhusu ujumbe wa zamu, nimekuelewa: andika, lakini useme kwanza, kwa sababu unaposema mwenzako anaweza kukuuliza, na swali lake mara nyingi ndilo linalookoa kile ulichosahau kuandika.

Kwa kundi litakaloanza mwezi ujao, nimekubaliana na wenzangu kwamba siku za mwanzo kila mwanafunzi atafungamanishwa na muuguzi mmoja tu, bila fomu na bila daftari, akimfuata kitanda kwa kitanda. Kusahihishwa kutafanyika nje ya chumba, isipokuwa kama kuna hatari kwa mgonjwa. Nitamtafuta pia mama wa kuigiza, ingawa nadhani kwa Bukavu tutahitaji wawili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Mashi.

Kinachobaki kunisumbua ni alama. Karatasi ya tathmini inayotoka shuleni ina mstari mmoja tu ulioandikwa "mahusiano", na tunatakiwa kuujaza kwa namba kati ya 0 na 20. Mtu mpole hupata 16, mtu mkali hupata 12, na hakuna anayejua amefanya nini. Mwalimu, ninyi mnapimaje?

Mwalimu wa sayansi za uuguzi, Kamalondo (Lubumbashi)

Sisi tuliacha kupima tabia, tukaanza kupima vitendo vinavyoonekana. Je, alisema jina lake na kuuliza la mgonjwa? Je, alieleza kabla ya kugusa? Je, baada ya kuuliza alisubiri jibu, au alijijibu mwenyewe? Je, alimwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake maelezo aliyopewa kuhusu dawa? Je, aliposhindwa kujibu, alisema wazi kwamba hana jibu na kwamba anakwenda kuuliza, kisha akarudi? Kila kimoja ni ndiyo au hapana, na watu wawili wanajaza karatasi bila kuonyeshana. Wakitofautiana sana, tatizo liko kwenye karatasi au kwa wapimaji, wala mwanafunzi asiadhibiwe kwa hilo. Hilo la kurudi ndilo wengi wanalolikosa, na nakubaliana na Yaya wa Ndosho kwamba halina uhusiano wowote na simu. Hata madaktari wetu wanalikosa.

Maoni ya mgonjwa pia yana nafasi, lakini usimuulize akiwa bado kitandani, kwa sababu hatamsema vibaya mtu anayemchoma sindano. Muulize mlinzi wake siku ya kutoka, mwanafunzi akiwa hayupo. Na kwa wiki ya kwanza ya kundi lako jipya, jaza karatasi hiyo lakini alama usiipeleke shuleni. Mwonyeshe mwanafunzi mwenyewe, kisha mpime tena. Karatasi yetu nitaiweka hapa kesho, umeme ukirudi.